Rangi Sita na Ubao wa Dirishani

Waliponiaga pale chuoni walinipa saa ya ukutani, kanga mbili za mke wangu, na hotuba ndefu. Mkuu wa chuo alisimama akasema Mwalimu Haonga ni mtu mpole, miaka yote hajawahi kugombana na mtu. Nilikuwa nimeshika soda mkononi, nusura inipalie. Mpole nani? Basi naandika haya kwa ajili yenu walimu vijana mliobaki kwenye karakana ya uchoraji pale Tunduma, mjue kwamba niliondoka nikiwa na hasira, na mjue ni hasira ya nini. Mambo ya vyeo na mishahara hayamo humu. Anayeyataka akaulize ofisini.

Nilishuka Tunduma kutoka Hasamba nikiwa kijana, nimevaa shati la kaka yangu. Nilipelekwa kwa Mzee Nzunda, mtu wa Ihanda, aliyekuwa na kibanda kando ya barabara ya kwenda mpakani. Huko mbele aliandika mabango ya maduka na majina ya malori. Kwenye chumba cha nyuma alichora sura za watu kwa rangi za mafuta: wachungaji, wazee wa ukoo, na zaidi marehemu. Watu wa kwetu wakishazika, mwenye uwezo kidogo huleta kapicha ka kitambulisho anataka sura kubwa ya kutundika sebuleni.

Siku ya kwanza alinipa kipande cha ubao akaniambia nichore mkono wangu mwenyewe. Nikajiona nimepata kazi rahisi. Nikachukua kopo la rangi nyeusi, nikatia kahawia kidogo, nikapaka. Mzee Nzunda akaja, akautazama ule ubao kwa muda.

"Huyu ni nani? Shetani?"

"Ni mkono wangu, mzee."

"Nani kakudanganya kwamba wewe ni mweusi? Hebu toka nje."

Akanishika kiwiko akanitoa juani, akaugeuza mkono wangu kama mtu anayekagua kuku sokoni. Hapa kwenye vifundo, akasema, ni nyekundu, sawa na udongo wa Ihanda ukinyeshewa. Hapa kiganjani ni njano. Hapa pembeni, panapopigwa na mwanga wa mbingu, pana bluu, itazame usiniambie huioni. "Sasa nioneshe huo weusi uko wapi." Nilitafuta. Mpaka leo ninapoandika haya sijauona.

Akachukua lile kopo jeusi akalifungia kabatini, na kwa mwaka mzima sikulishika ila kwa mabango. Badala yake akanipa tyubu sita, na hizo sita ndizo nilizofundishia maisha yangu yote. Nitazitaja, maana nasikia siku hizi mnajadiliana. Nyeupe, tena tyubu kubwa, kwa sababu huisha kabla ya nyingine zote. Njano ya udongo. Nyekundu ya udongo uliochomwa. Kahawia iliyokolea. Bluu ya bahari. Na nyekundu moja ya damu, ile ya bei mbaya, iliyoandikwa nyuma imetengenezwa na kitu gani. Mtu akikubembeleza sana mwongezee njano kali ya saba, apate majani ya mgomba na gauni za kwaya. Zaidi ya hapo unamharibu.

Nyeusi haimo. Ukitaka giza, changanya bluu na kahawia, utapata giza lenye uhai ndani yake. Kijani haimo, itengeneze. Zambarau haimo, itengeneze. Anayeanza akipewa rangi ishirini na nne hachanganyi, anachagua tu, kama mtu aliyekwenda kununua vitenge. Anayepewa sita hana ujanja, lazima ajue moja inaifanya nini nyingine. Nimemwona mwanafunzi akipata kijani yake ya kwanza kutoka kwenye bluu na njano, akapiga ukelele darasa zima likaja kuchungulia. Huo ukelele hauuzwi kwenye boksi.

Kisha kulikuwa na ubao wa dirishani, na hapa naomba msome taratibu. Mzee Nzunda hakuiamini rangi yoyote mpya, hata ingekuja na cheti. Alipaka mstari wa kila tyubu kwenye ubao uliopakwa nyeupe, akaandika jina pembeni, kisha akafunika nusu ya mistari yote kwa karatasi ngumu na kuupigilia ubao dirishani juani. Aliupigilia watu wakianza kupanda mahindi, akaufungua wakivuna. Rangi ambayo nusu yake ya wazi ilifanana na nusu iliyofunikwa, ilipita. Iliyopauka ilikwenda kwenye mabango ya mitumba. "Bango likipauka wanaandika jingine," alikuwa akisema. "Marehemu hawamleti tena."

Mzee alipofariki nilirithi ule ubao, na nilipoajiriwa chuoni niliuchukua pamoja na visu vyake vya kuchanganyia rangi. Wanafunzi waliucheka, kama mimi nilivyoucheka zamani.

Nilifundisha miaka mingi. Wapo walionipasua kichwa. Yuko aliyekosa tapentaini akaosha brashi kwa mafuta ya taa, kisha akachanganyia na rangi yenyewe, sura ya mchungaji wa watu ikakaa bila kukauka mpaka waumini wakadhani inatoa jasho. Kuna waliosahau vumbi. Hapa kwetu malori hupanga foleni kuvuka mpaka tangu asubuhi, na vumbi lake halibishi hodi. Picha mbichi igeuze uso ukutani, nimelisema hilo mpaka mke wangu akanisikia nikilisema usingizini. Yalikuwa makosa ya kujifunza, nikafoka, yakaisha. Hayo hayanikasirishi.

Kilichonikasirisha kilikuja kwenye kartoni.

Ilikuwa imebaki miaka miwili nistaafu. Siku moja Mkuu wa chuo aliingia karakana akiwa ameongozana na mfanyabiashara mmoja aliyevuka kutoka upande wa Nakonde, mtu mchangamfu, suruali imenyooka.

"Mulishani, bamudala!" akanisalimu kwa Kibemba chao.

"Bwino," nikajibu. Salamu haina kosa.

Wakafungua kartoni. Ndani mlikuwa na maboksi ya rangi za mafuta, tyubu ndogo ndogo ishirini na nne kila boksi, moja kwa kila mwanafunzi. Mkuu akaniambia kuanzia sasa hizi ndizo rangi za wanaoanza, tyubu zangu sita zimepitwa na wakati, wanafunzi wanalalamika wanatumia nguvu nyingi kuchanganya. Isitoshe, maonesho ya chuo yalikuwa karibu, alitaka wageni waone rangi zinang'aa.

Nikachukua tyubu moja baada ya nyingine. Nyuma hakukuandikwa zimetengenezwa na nini. Nyeusi ilikuwemo, tena kubwa kuliko zote. Ilikuwemo waridi moja inawaka kama peremende. Na kulikuwa na tyubu imeandikwa "rangi ya ngozi". Nikafungua kifuniko, nikaminya kidogo kidoleni. Ilikuwa rangi ya kitoto cha nguruwe.

"Mkuu," nikasema, "hii ni ngozi ya nani?"

Mfanyabiashara akacheka. Mkuu akacheka naye. "Mwalimu Haonga na utani wake," akasema. Sikuwa natania, jamani! Tuna darasa la watoto wa Kinyiha na Kinamwanga, mnawapa tyubu ya nguruwe mnawaambia hii ndiyo ngozi, kisha mnawawekea nyeusi kubwa pembeni waitie giza wenyewe! Mzee Nzunda angelitupa lile kartoni barabarani likakanyagwe na malori.

Nilitaka kusema, tusubiri, niziweke dirishani mpaka mavuno. Nikakumbuka imebaki miaka miwili, nikakumbuka faili langu la kustaafu liko mezani kwa huyu huyu, nikakumbuka ule usemi, mkono usioweza kuukata, ubusu. Mkuu akanipa fomu ya kupokea vifaa. Palikuwa na mstari umeandikwa kwamba mtaalamu amevikagua na ameridhika navyo. Nikasaini. Mkono huu huu ulioambiwa utafute weusi juani, ndio uliosaini.

Katika darasa lile alikuwemo binti mmoja, Eliza Namwinga. Baba yake alikuwa Mzee Simwinga, anayenunua mahindi Momba na kuyaleta mjini. Wanamwanga ndivyo walivyo, mwanaume Simwinga, binti yake Namwinga, ukoo mmoja. Eliza alikuwa na jicho. Kwenye zoezi la mkono alikaa juani asubuhi nzima bila kugusa brashi, nikajua huyu kashafika. Nilimfundisha muhula wa kwanza kwa tyubu zangu sita, kabla ya kartoni.

Mama yake alifariki mwaka ule. Familia ilikuwa na picha yake moja tu, ndogo, iliyokatwa kwenye kadi. Eliza akaomba amchore mama yake mwenyewe. Nilimwambia ni mapema, atalia juu ya kitambaa cha kuchorea. Akasema, "Mwalimu, nisipomchora sasa nitasahau pua." Nikamruhusu.

Alifanya kazi nzuri ambayo mimi kwa umri wake nisingeiweza. Alianza na kahawia na udongo kama nilivyomfundisha, paji la uso, macho, shingo, vyote kwa rangi za Mzee Nzunda. Ila kwenye mashavu, midomo na kilemba, alitaka joto. Mama yake alikuwa mtu wa kucheka. Nyekundu ya damu ilikuwa imeisha kabatini, haikununuliwa tena kwa kuwa maboksi yalishafika. Akachukua waridi ya kwenye boksi. Alikuja kuniuliza.

"Mwalimu, hii imepita dirishani?"

Mnaona? Aliuliza. Mtoto wa watu aliuliza swali lenyewe kabisa. Na mimi, mtu mpole, nikamjibu, "Itumie tu."

Picha ilipelekwa kwenye maonesho, Mkuu akapiga nayo picha, kisha ikaenda nyumbani kwa Mzee Simwinga, ikatundikwa sebuleni ikitazamana na dirisha. Siku ya kuweka msalaba kaburini ndugu wakauliza wataweka nini pale katikati. Mzee Simwinga akasema, wekeni kale kapicha kadogo, sisi si tunaye mkubwa nyumbani? Kakabandikwa msalabani nyuma ya kioo. Mvua za mwaka ule mnazikumbuka. Maji yaliingia chini ya kioo, na walipokwenda kupalilia kaburi walikuta karatasi nyeupe.

Hawakulia sana. Walikuwa na mkubwa nyumbani.

Mwaka uliofuata, wiki ya kufungua chuo, Mzee Simwinga aliingia karakana amebeba kitu kimefungwa kwa shuka. Hakusalimia, na yule ni mtu wa salamu ndefu. Akakiegemeza ukutani akafungua.

Paji la uso lilikuwepo. Macho yalikuwepo. Mashavu yalikuwa majivu. Midomo ilikuwa imetoka rangi, imebaki nyeupe chafu, kama ya mtu aliyekaa siku mbili kabla ya kuzikwa. Kilemba hakikuwa na rangi ambayo naweza kuitaja. Eliza alikuwa ameketi benchi la mbele. Aliweka brashi chini akajifunika uso kwa aproni.

"Mwalimu," Mzee Simwinga akasema, "mke wangu nimemzika mara moja. Sasa naamka kila siku namkuta anakufa pale ukutani, kidogo kidogo. Watoto wadogo hawataki kukaa sebuleni. Nilikuwa namlaumu binti yangu. Yeye anasema alikuuliza wewe."

Nikaanza kufoka. Nilimfokea mfanyabiashara ambaye hakuwepo, nikamfokea Mkuu ambaye hakuwepo, nikafokea viwanda vya mbali, nikachukua tyubu ya rangi ya ngozi nikaitupa ukutani ikapasuka. Mzee Simwinga alisubiri nimalize. Ananunua mahindi, amezoea watu wa kelele.

"Nimekusikia," akasema. "Nauliza jambo moja tu. Wewe ulijua?"

Wenzangu, mficha uchi hazai. Darasa zima lilikuwa linanitazama.

"Nilijua."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi nirudishie mke wangu," akasema, akatoka akaiacha picha pale.

Siku ile ile niliushusha ubao wa Mzee Nzunda, nikapaka mistari yote ishirini na nne ya boksi, na siku chache baadaye, chini yake, mistari ya tyubu sita mpya nilizomwagiza dereva mmoja wa lori kutoka Dar es Salaam kwa gharama yangu. Nikafunika nusu, nikapigilia dirishani. Mkuu akaja kuniuliza mbona maboksi nimeyafungia stoo. Nikamwambia yana ugonjwa. Akasema nitaandikiwa barua. Nikamwambia aiandike kwa ile waridi yake, mpaka nistaafu itakuwa imeshafutika yenyewe. Barua ilikuja, kwa wino wa kawaida.

Tulikaa miezi saba. Eliza alitaka kurudia picha mara moja, nikakataa. Alinichukia, na alikuwa na haki. Alichora mikono tu wakati wote ule, mikono ya kila aliyepita karakana. Mzee Simwinga hakuja. Mimi nilikuwa nikitoka darasani naupita ule ubao nikiogopa kuutazama.

Watu walipoanza kuvuna nikaing'oa ile karatasi ngumu mbele ya darasa. Mistari sita ya chini, wazi na iliyofunikwa, ilikuwa mamoja. Huko juu waridi ilikuwa nzima upande mmoja, na upande wa pili ilikuwa ubao mtupu. Nyekundu ya boksi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikamwita Mkuu aje aone. Alitazama, akasema mwaka ujao wa bajeti atalifikiria. Akaondoka. Loo! Nilisimama pale na nyundo mkononi nikamshukuru Mungu kwamba nimezeeka.

Tukaanza. Mashavu Eliza aliyapata, maana mifupa ya uso ilikuwa bado ipo chini, ile kazi yake ya udongo haikuhama hata kidogo. Tatizo lilikuwa midomo. Picha ndogo hakuna. Kwenye kitambaa pamebaki doa. Alijaribu siku tatu akikumbuka, akafuta siku tatu. Siku ya nne Mzee Simwinga akaja, alikuwa ameitwa na binti yake. Akakaa kwenye kigoda, akamtazama Eliza anavyofuta.

"Unahangaika nini, mwanangu?" akasema. "Midomo ya mama yako si unayo wewe hapo usoni?"

Eliza akajigusa midomo. Nikaenda ofisini nikang'oa kioo cha ukutani, nikarudi nikakishika mbele yake. Nilikishika asubuhi nzima, mabega yakawaka moto, sikukiweka chini. Alichanganya nyekundu ya damu na ya udongo, akatia kahawia kidogo, akajitazama. Kila alipotaka kulia midomo ilibadilika, baba yake akasema, "Acha, mama yako hakuwa hivyo." Akamkumbusha siku mama yao alipomfukuza mbuzi aliyekimbia na kanga ya mgeni. Eliza akacheka kidogo, na akachora hapo hapo.

Ilipokauka Mzee Simwinga alikuja kuichukua. Aliitazama, kisha akaniuliza jambo moja tu, kama kawaida yake.

"Safari hii mmejaribu dirishani?"

"Miezi saba, Mzee Simwinga."

"Basi namrudisha nyumbani." Akamfunga kwenye shuka ile ile, uso ukielekea kifuani kwake. Hakuniambia asante, wala sikuitarajia. Mlangoni aligeuka akanipa mkono.

Maboksi bado yako stoo, na nasikia Mkuu anataka myagawe muhula huu. Ufunguo alishauchukua. Tyubu sita nimewaachia kwenye droo ya chini. Ubao wa Mzee Nzunda nao nimeuacha dirishani pale pale, na kabla sijaondoka nilichukua brashi nyembamba, nikachanganya bluu na kahawia, nikaandika kwenye ile nafasi tupu ambapo waridi ilikuwepo: "Hapa palikuwa na rangi. Aliyesaini ni Haonga."